Kelele za Darasa la Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya Mchinga, mwalimu mkuu alinikabidhi boksi la chaki na agizo moja: "Darasa zuri halisikiki ofisini." Nikatii. Mwaka mzima nilifundisha sayansi kwa watoto walionyamaza tu bila kuelewa.

Ndipo nikageuza madawati. Nawaeleza taratibu ninyi mnaoanza kazi, maana mtaihitaji njia hii. Somo lilikuwa mvukizo, yaani maji kugeuka mvuke bila kuchemshwa. Niliwapanga wannewanne, kila mtoto na kipande chake: joto, upepo, unyevu wa hewa, upana wa chombo. Wenye kipande kimoja walikutana kukisoma, kisha kila mmoja akarudi kuwafundisha wenzake. Mwishoni nauliza swali; wa kujibu namchagua mimi, alama ni ya kikundi kizima.

"Mwalimu, usimchague Somoe, atatuangusha!"

Somoe, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, hakuwahi kufungua mdomo darasani.

"Kipande cha upana anacho yeye," nikawajibu. "Mkitaka alama, msikilizeni."

Wakamsikiliza, wakabishana, darasa likavuma. Mwalimu mkuu akatokea mlangoni.

"Mwalimu, hapa darasani au mnadani?" Akamnyooshea Somoe kidole. "Wewe! Mnapigia kelele nini?"

Somoe akasimama. "Chumvi, mwalimu. Baba hayaachi maji kwenye ndoo. Anayatandaza kwenye majaruba mapana, hewa iyaguse kwingi, yakauke upesi."

"Nani kakufundisha?"

"Tumesoma wenyewe. Hawa nimewafundisha mimi."

Wenzake wakapiga makofi.

"Kumbe!" akasema mwalimu mkuu. "Sasa mwalimu wenu kazi yake nini?"

Mwezi haukuisha, nikaletewa barua ya uhamisho wa kwenda shule ya Milola; ilisema nimeshindwa kudhibiti darasa. Kabla sijafunga mizigo, madawati yalikuwa yamesharudishwa kwenye mistari. Nilipopita kuaga, Somoe alikuwa dawati la mwisho. Aliniamkia shikamoo kwa kunong'ona, akainamisha kichwa. Mimi kuhamishwa nimesamehe. Kumnyamazisha yule mtoto, hapana.

Milola niligeuza madawati tena, na sikuyarudisha hadi nastaafu. Juzi mwalimu kijana kaniuliza: "Mama, darasa likipiga kelele nifanyeje?"

Mwanangu, sogea karibu. Sikiliza kwanza wanasema nini.