Siku Koko Alipompa Pole Mchekeshaji

Wewe mwenzangu uliyekulia kwetu Kibabi, kule Masisi, kama bado unacheka kwa moyo mweupe, mshukuru Mungu. Mimi tangu Jumapili iliyopita kicheko kinanikwama kooni. Mchekeshaji mmoja kutoka Goma alifika hapa Walikale, akapanda jukwaani kwenye ukumbi wa parokia, nami nikaenda kumtazama pamoja na koko, mama yake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea.

Koko anaishi kwangu tangu vita vilipomtoa mlimani. Hapapendi hapa. Anasema msitu unamziba macho, mvua haina adabu, na viazi vinavyofika sokoni vimekwisha kuchoka njiani. Nilitaka acheke japo mara moja. Nilipomwambia kuna kijana anakuja kuchekesha watu, aliuliza, "Ni teatri?" Nikamjibu ni teatri, ila ya kucheka tu. Basi uso ukamnawiri, akapaka miguu mafuta, akafunga karanga za kukaanga kwenye ncha ya kitenge chake kipya. Nilijua mawazo yake yamekwenda wapi, maana na yangu yalikuwa yamekwenda huko huko.

Unakumbuka teatri yetu? Ilikuja baada ya kuvuna maharagi, wakati kila nyumba ina cha kupika na hakuna anayekimbilia shamba. Siku hiyo sisi watoto tulikatwa usingizi mapema. Tulifagia uwanja wa kanisa, tukabeba mabenchi ya shule vichwani, wasichana wakachota maji ya kumwagia vumbi. Pazia lilikuwa vitenge vya mama zetu vilivyoshonwa pamoja, na kila mama alikaa akilinda chake kwa macho kisije kikachanika. Kisha kengele ya shule, ile jante, chuma cha gurudumu la lori, iliyotundikwa kwenye mkaratusi, ikapigwa, na kilima kizima kikateremka: wazee na vigoda vyao, wachungaji wa ng'ombe na fimbo zao, kina mama na vyungu, kwa sababu hakuna aliyekuja kutazama watu mikono mitupu. Harufu ya mahindi ya kuchoma na ya maziwa yaliyoganda ilikaa pale mpaka jua linashuka.

Mchezo wenyewe haukubadilika sana. Kulikuwa na mlevi aliyeuza shamba, mchawi aliyeokoka, na mjane aliyenyang'anywa kila kitu na ndugu za mume. Mjane huyo alichezwa na seremala, mwanaume mwenye ndevu, amejifunga kitenge cha mke wake. Alipotokea tu tulivunjika mbavu. Lakini alipoanza kulia kilio cha kwetu, kile cha kumwita marehemu kwa mambo aliyoyapenda, vicheko vilizimika kimoja kimoja, na kabla hajamaliza kina mama walikuwa wanafuta machozi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika mwaka ule mwalimu mpya alipoanza kuongoza teatri. Alikuwa mtu wa mjini, Kifaransa kimejaa mdomoni. Katikati ya kilio cha mjane, koko aliinuka na kikapu chake cha maharagi, akapanda jukwaani, akamshika seremala mkono na kumwambia pole. Nyuma yake kina mama wengine wakapanga mstari, huyu na viazi, yule na yai, kwa maana kwetu ukimlilia mtu huwezi kurudi nyumbani bila kumpa kitu. Mwalimu akatoka mbio nyuma ya pazia.

"Mama, hii iko teatri! Hakuna muntu alikufa! Iko uongo!"

Koko hakumtazama hata. "Uongo iko yake, mwalimu. Machozi iko yetu."

Mwalimu alikuwa na hasira lakini hakuwa mjinga. Tangu siku hiyo, kila mchezo wake ulisimama kidogo pale penye msiba ili watu watoe pole. Na kwa kuwa pole haiachwi hewani, lazima upande wa mfiwa uijibu, kazi hiyo tulipewa sisi watoto. Koko alisema, "Pole, mama," nasi tukaitikia kwa sauti moja, "Tumepokea!" Baadaye vilivyotolewa vilipikwa kwenye sufuria moja nyuma ya kanisa, mjane na mlevi na mchawi wakala pamoja nasi. Sijala tena maharagi matamu kama yale, na usiniambie ni njaa ya utoto.

Sasa nirudi Jumapili. Tulipoingia ukumbini, nilimwona patron wangu, mnunuzi wa madini ambaye ninamfanyia kazi ya kupima mizigo inayotoka machimbo ya Omate. Alikuwa amekaa mbele kwenye viti vya plastiki, akanipungia mkono. Nikamwambia koko akae na kina mama kwenye mabenchi, nitarudi sasa hivi. Sikurudi. Viti vya mbele vina utamu wake, na patron alikuwa amecheka na mimi mbele za watu.

Kijana wa Goma alikuwa hodari, siwezi kumnyima haki yake. Aliwaiga askari wa barabarani, akaiga pasta anayeomba sadaka, vijana wa machimbo wakapiga miluzi. Halafu akajifunga kitenge, akainama mgongo, akawa bibi wa Masisi aliyekimbia vita na sufuria ya maharagi kichwani, bado inachemka. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu kabisa. Kila kizuizi bibi anaulizwa amebeba nini, naye anajibu, "Chakula ya muzee wangu." Nilicheka mpaka nikashika goti la patron. Mwishoni bibi anatua sufuria kambini, anapakua, anamwita mumewe aje kula. Anaita tena. Mume hayupo. Kijana aliita kwa sauti ya kuchekesha, shingo ameinyosha kama kuku, na ukumbi ukalipuka.

Nikasikia mabenchi yanasogezwa nyuma. Koko alikuwa amesimama. Babu alibaki Kibabi siku ile ya vita, hakutoka hai, wewe unajua. Koko alipita katikati ya watu polepole, akafika mbele ya jukwaa, akafungua ncha ya kitenge na kumnyooshea yule kijana karanga zake.

"Pole, mama," alisema. "Mungu akutie nguvu."

Ukumbi ulicheka kuliko mwanzo. Simu zikainuliwa. Kijana naye akatikisa kichwa na kusema, "Eeh, koko anataka kuninyang'anya kazi!" Watu wakapiga miguu chini. Lakini koko hakuondoka, mkono wake ulibaki juu. Alikuwa anangoja jibu. Katika ukumbi ule wote labda ni mimi peke yangu niliyejua neno analolingoja, neno lililokuwa kazi yangu tangu nikiwa mtoto wa kaptula. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu na sikuutumia.

Patron akafuta machozi ya kicheko, akaniinamia. "Ule mama iko wa nani?"

"Sijui, patron."

Shuleni tulifundishwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani kuisema methali hiyo bila kukosea. Koko akaweka karanga kwenye mbao za jukwaa, akarudi kwenye benchi lake akiwa amejishika kiuno. Sikugeuka. Watu walipotoka nilichelewa makusudi, nikasema nafunga viatu, hadi patron alipopanda gari lake.

Njiani koko alisema kijana anacheza vizuri, ila watu wa huku hawajafundishwa kutazama. Nilitaka kumwambia nilivyomkana mbele ya patron, nikazungumzia matope.

Nimekuwa nikijidanganya kwamba vita ndivyo vilivyotuondolea teatri ya Kibabi. Uwanja ule siku hizi ni majani, seremala sijui aliko. Lakini waigizaji wapo, tena wana vipaza sauti na taa. Kilichokwisha ni sisi tuliokuwa tunaitikia, na mimi nilikuwa mmoja wao, nimeketi mbele kabisa na viatu safi.

Jana jirani, mama anayeuza mafuta ya ngazi, yaani mawese, alikuja kumtania koko. Ameona kila kitu kwenye simu ya mwanawe. Mimi nilikuwa mlangoni nikinoa panga.

"Koko, walikuchekelea sana kule! Na mujukuu yako alikuwa wapi, asikutoshe pale mbele, akurudishe ku benchi?"

Koko alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo ya kupika jioni. Hakuinua kichwa, wala mikono yake haikusimama.

"Huyu? Huyu hakukuwa. Siku ile alikuwa ku kazi," alisema. "Kama angekuwa pale, angeniitika."