Karibu Iliyotoka Kwenye Televisheni

Kuna jioni moja ya Arua ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mwanangu, ingawa siku yenyewe nililia mpaka wanja ukanishuka mashavuni. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa kuposwa. Abdalla, fundi cherehani wa Koboko, alikuwa ametuma neno kwamba wazee wake watafika kwetu baada ya sala ya alasiri. Nilimpenda Abdalla. Nasema wazi, uzee umeniondolea aibu.

Sasa, baba yangu alikuwa askari mstaafu mwenye duka la vitambaa, na mwaka ule alirudi kutoka Kampala na televisheni. Mtaani kwetu hakukuwa na nyingine. Alifunga antena juu ya mwanzi mrefu, na kila magharibi sebule yetu ilijaa majirani hadi mlangoni, taa imezimwa ili picha ionekane vizuri. Usidhani nataka kukitukana chombo chenyewe. Tuliona miji ambayo hatukujua kama ipo, tukaiga mishono ya nguo, na Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alipenda mieleka kuliko mtu yeyote. Aliwagombeza wale wapiganaji kana kwamba anawajua wazazi wao.

Siku ile wageni walichelewa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Koboko, gari lao likanasa kwenye tope, lakini sisi tungejuaje? Magharibi ikaingia, tukaswali, baba akasema labda watakuja kesho. Akawasha televisheni, na majirani wakaja kama kawaida yao.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nimefukizwa udi, nimevikwa nguo za shangazi. Nyumbani kwetu binti anayeposwa hakutokea mbele ya wageni wala hakupaza sauti mpaka aitwe. Basi, kwa kelele za televisheni, mimi peke yangu ndiye niliyesikia hodi, na mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kuijibu! Wakapiga hodi tena. Nikauma ncha ya kanga. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume, nzito na safi, ikisema, "Karibuni." Nikashusha pumzi. Kumbe alikuwa mtangazaji, anawakaribisha watazamaji kwenye muhtasari wa habari.

Wageni nao waliipokea karibu hiyo. Wakaingia gizani na vikapu vyao vya sukari na majani ya chai. Mjomba wake Abdalla, Mzee Ramadhani, akasonga mbele, akasimama akisubiri kupewa mkono. Baba yangu, macho yameganda kwenye picha, hakumtazama hata usoni.

"We mutu, kaa chini! Kichwa yako iko kubwa, inafunika picha!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa shangazi yake Abdalla, Mama Kaltuma, mwanamke ambaye Koboko nzima ilimjua kwa kutomeza maneno.

"Sisi natoka Koboko na tope mpaka goti," akasema. "Napiga hodi, mutu ya ndani ya sanduku ndiyo inatukaribisha. Basi yeye ndiyo atupe mutoto. Ramadhani, beba sukari, twende."

Nikasikia vikapu vinainuliwa. Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, wanja ukashuka. Nilimjua Mama Kaltuma kwa sifa zake: akishatoka na posa, hairudishi. Abdalla wangu alikuwa anaondoka pamoja na ile sukari. Nikatoka kwa mlango wa nyuma hadi jikoni, alikokuwa Haboba akipasha chakula.

"Haboba, wageni wanaenda!"

Hakuuliza wageni gani. Sinia la gurusa, mikate yetu ya chai, lilikuwa limesubiri tangu alasiri chini ya kawa alilolisuka kwa mikono yake. Akalichukua kawa, akaingia sebuleni, akaliegemeza kwenye kioo cha televisheni. Picha ikafichika. Sauti ikabaki nyuma ya kawa, nayo kwa bahati mbaya ikasema, "Kwaherini kwa sasa."

"Munasikia?" Mama Kaltuma akadakia. "Sasa anatufukuza!"

"Hapana," Haboba akajibu. "Iko anaaga yeye. Washeni taa."

Taa ilipowaka, baba akaona ni kichwa cha nani alichokitukana. Alisimama wima kama anakaguliwa gwaride. Haboba hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mutoto yangu," akamwambia mbele ya wote, "ile mutu ya sanduku ulimupa mahali ya mbele, na yeye hata jina yako hajui. Hawa wanakuja kuuliza damu yako, binti yako, unawaambia kaa chini?"

Aliyemwokoa baba ni Mzee Ramadhani mwenyewe.

"Lakini, Mama, kichwa kweli iko kubwa," akasema akijipapasa. "Hata kofia napata kwa shida."

Mama Kaltuma alijitahidi kununa, akashindwa. Haboba akaamua jambo lianze upya: wageni watoke nje, wapige hodi, na mwenye nyumba ajibu kwa kinywa chake. Wakatoka. Baba akajibu "Karibuni!" kwa sauti iliyowatoa nje watu wa mtaa wa pili. Mzee Ramadhani, mtundu yule, akasema hakusikia vizuri, akapiga hodi tena, na tena, mpaka baba akatoka mwenyewe akamshika mkono akamwingiza. Kila mgeni aliulizwa hali ya wazazi, ya shamba, ya safari, mpaka lile tope likasamehewa. Usiku ule walikubaliana, nami nikawa mke wa Abdalla mpaka Mungu alipomchukua.

Baadaye televisheni ziliingia nyumba nyingi, majirani wakaacha kujazana kwa mmoja. Leo kila mtu anayo yake kiganjani, hata nyinyi mnaonitembelea mnanisalimia huku mnaichungulia. Sikwambii uitupe. Mimi mwenyewe siwezi kukosa mchezo wangu wa jioni. Nakwambia hivi: aliye kwenye kioo hatakuja kukuposa, hatakuzika, wala hajui kama umekula. Mtu aliye hai akiingia kwako, inua macho, simama, mwite kwa jina, muulize habari na ungoje jibu. Walikuwa karibu kuniponyoka watu wangu wote, mume, watoto na wajukuu, kwa sababu hakuna aliyegeuza shingo.

Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Akupe nyumba yenye watu wa kukugombeza na kukuchekesha. Na siku utakayokuwa wewe ndiye uliye nje, umechoka na una tope miguuni, akujaalie mtu wa kukusikia.