Siku Mbao za Daraja Zilipoondolewa

Nikipita mahali fundi anapaka nguzo oili chafu zisiliwe na mchwa, akili yangu inarudi kwenye daraja la zamani, la kutoka kwetu Handeni kwenda Korogwe. Ninyi mnaovuka juu ya zege huku mkichezea simu hamkulijua. Lilikuwa vyuma viwili virefu, na juu yake mbao zilizonuka oili, ambazo hazikupigiliwa misumari. Mafuriko ya kabla sijazaliwa yalizibeba zote, basi tangu hapo maji yakikaribia vyuma, Mzee Mhina, mlinzi wa daraja, alizitoa moja moja na kuzipanga upande wetu.

Siku hiyo mama alikuwa amevuka kupeleka mihogo gulioni, akaniachia mdogo wangu Athumani, ambaye bado alikuwa ananyonya. Mvua ikanyesha huko milimani, kwetu jua linawaka. Ilipofika adhuhuri tukasikia mbao zinatolewa.

Athumani alitema uji, akalia mpaka sauti ikamkauka. Bibi akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Nilinuna, maana mgongo uliokuwa unauma ulikuwa wangu. Kwa ujuaji wa miaka tisa nikamfunga kwa mbeleko, nikakimbilia mtoni ili mama angalau amwone.

Mama alikuwa amesimama ng'ambo, kapu tupu miguuni pake.

"Shikamoo babu," nilimwambia Mzee Mhina. "Turudishie ubao mmoja tu, mama apite."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbao ninazo. Mto siuwezi."

Nikamfungua Athumani, nikamwinua juu. Alipomwona mama alipiga yowe lililoshinda ngurumo ya maji. Mama alitazama kidogo, akakunja mikono kifuani, akatupa kisogo. Nilimwita wee, hakugeuka. Nikarudi nyumbani nikilia kama mtoto niliyembeba.

Alivuka kesho yake jioni. Hakunigombeza, wala sikumuuliza kitu, ila kinyongo nilikaa nacho miaka.

Mpaka nilipozaa. Siku moja nilimwacha mwanangu nyumbani, nikiwa stendi ya Korogwe nikasikia mtoto wa mtu analia. Blauzi ikalowa hapo hapo. Nilikunja mikono kifuani, nikageukia ukuta, nikaanza kulia mbele za watu. Mama hakuwa amekasirika. Maziwa yalikuwa yanammwagikia, na mimi kule ng'ambo nilizidi kumwinua Athumani.