Mlima wa Kurudi Mbinga

Lidia alianza kuendesha baiskeli akiwa na miaka thelathini na sita, na hakuanza kwa kupenda. Alikuwa fundi cherehani, mwenye fremu ndogo karibu na stendi ya Mbinga, akishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Aliketi tangu asubuhi mpaka jua linazama. Siku moja kichwa kilimgonga hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Walipompima presha zahanati wakakuta mia na sabini kwa mia na tano.

"Dawa utakunywa, mama, na chumvi utaipunguza," mganga alimwambia. "Lakini mwili huu unataka jasho. Kukaa kutwa nzima ndiko kunakokumaliza."

Mumewe, Hamphrey, alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Kwao ni Lundo, kule ziwani, na alikuwa Muanglikana. Lidia ni Mmatengo wa Matiri, Mkatoliki. Jumapili kila mmoja alikwenda kanisani kwake, wakakutana nyumbani kwenye chakula. Tangu barabara ya lami ilipofika Mbamba Bay, Hamphrey alikuwa na baiskeli ya resi aliyoipata kwenye mitumba Songea, matairi membamba kama kidole, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Jioni ile alimsikiliza mkewe, kisha akasema, "Mama Ave, nitakutafutia na wewe ya kwako." Ave ni Avelina, binti yao wa pekee, aliyekuwa akisoma bweni.

Ya Lidia ilikuwa ya buluu. Wiki ya kwanza hakuweza hata kukalia kiti chake cha cherehani. Akachana godoro bovu, akakata sponji, akaishonea ndani ya kaptura, na juu yake akashona sketi ya kitenge yenye mipasuo miwili ili miguu izunguke. Wanawake wa sokoni walimcheka. "Lidia, unakimbizana na nani?" Hakuwajibu, maana pumzi ya kujibu hakuwa nayo.

Kwenye milima Hamphrey alitangulia, kisha akamngoja juu. Lakini hakumngoja kwa namna ya kungoja. Lidia alipofika anatweta, alimkuta mumewe ameinamia mnyororo, au anabonyeza tairi, mikono ina grisi. "Afadhali umefika," alikuwa akisema. "Hii baiskeli inanisumbua leo." Lidia alichukua karibu mwaka mzima kutambua kuwa mnyororo ule haukuwa na ubovu wowote.

Mwaka wa pili mwili ulibadilika. Kilo themanini na nne zikawa sitini na tisa. Presha ikatulia. Alijifunza kula ndizi mbili kabla ya safari, kutia chumvi kidogo na sukari kwenye chupa ya maji, kushuka gia kabla mlima haujaanza badala ya katikati. Alijifunza kwamba misuli ya paja ikibana, dawa ni kunyoosha mguu na kutulia, si kulia. Wakapata na wenzao watatu wa kuendesha nao Jumamosi. Kiongozi wao alikuwa mwalimu Tadei, ambaye alifunga simu kwenye usukani ikipima mwendo, urefu wa mlima na dakika. Ni Tadei aliyemwambia kwamba hajaona mwanamke wa Mbinga aliyeshuka mpaka ziwani na kupanda kurudi siku hiyohiyo bila kukanyaga chini. Maneno hayo yalimwingia Lidia.

Karibu wakati huohuo Hamphrey akaanza kubaki nyuma.

Mwanzo alisema ni mafua. Kisha akasema ni tumbo. Usiku alianza kulalia mito miwili, akasema shingo inamuuma. Jioni viatu vilimbana. Uso wake ulipungua, lakini suruali zikakataa kufunga kiunoni, akazileta kwa mkewe. Lidia alifumua mshono wa nyuma, akaongeza vidole viwili.

"Umenenepa, Baba Ave," alimtania huku akikata uzi. "Ndiyo maana milima inakushinda siku hizi."

Hamphrey alicheka. Mwezi uliofuata alileta suruali zilezile, akaomba ziongezwe tena.

Lidia alikasirika kidogo kidogo, kama mtu anavyokasirikia mlango usiofunga vizuri. Alidhani mume anaona wivu. Alidhani amechoka kumwona mkewe akisifiwa. Sasa yeye ndiye aliyefika juu kwanza, na alipongoja hakuinamia mnyororo. Alisimama katikati ya njia, mkono kiunoni, akitazama simu. Hamphrey akifika, midomo imebadilika rangi, Lidia humwambia, "Dakika kumi na nne."

Safari kubwa waliipanga Julai, wakati wa mavuno ya kahawa. Waliondoka alfajiri na baridi, wamevaa magazeti chini ya fulana kuzuia upepo wa mteremko. Walishuka salama. Mbamba Bay walikula wali na samaki kwa mama ntilie, wakajaza chupa, wakageuza. Jua lilikuwa limeshachoma, na mlima ulikuwa mbele yao.

Kwenye kona ya kwanza Hamphrey alisema, "Tangulieni. Nakuja."

Kwenye kona ya tatu Lidia aligeuka. Alimwona chini kabisa, fulana nyekundu, amesimama kando ya barabara ameshikilia usukani. Hamphrey akainua mkono. Ulikaa juu kwa muda, kisha ukashuka.

"Anakuaga huyo," Tadei alisema. "Twende Lidia, leo unaiweza. Ukisimama misuli itapoa."

Lidia alikwenda. Alipanda kwa saa moja na dakika hamsini na mbili bila mguu kugusa lami. Wachumaji wa kahawa walisimama mashambani wakampigia vigelegele. Juu kabisa wenzake walimkumbatia. Alingoja dakika kumi, jasho likaanza kumgandia mgongoni, ndipo simu ikalia.

"Nimegeuza, Mama Ave. Nakwenda kulala kwa mama, Lundo."

"Leo? Leo ndiyo siku ya kunifanyia hivi?"

"Mlima umenishinda."

"Sema hivyo basi. Usisingizie mafua."

"Umenishinda," Hamphrey alirudia. Sauti yake ilikuwa fupi fupi. "Umefika juu?"

"Nimefika."

"Hongera, mama."

Lidia alikata simu. Aliingia Mbinga kabla ya magharibi, akaoga maji ya moto, akalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Siku ya tatu mama mkwe wake, Mama Winifrida, alipiga simu. Alisema mwanawe hawezi kulala chali, anakaa kitini usiku kucha akihema, na miguu imevimba hadi magotini. Walimleta Mbinga kwa gari, kutoka Mbinga akapelekwa Songea. Huko wakampima moyo kwa mashine. Daktari alikuwa kijana mpole, akachora kwenye karatasi: moyo umepanuka, umelegea, unasukuma robo tu ya damu inayotakiwa.

"Ilianza lini kukosa pumzi?" daktari akauliza.

"Masika ya mwaka jana," Hamphrey alijibu.

Daktari alihesabu miezi kwa vidole. "Na tumbo kujaa maji?"

"Baadaye kidogo. Mke wangu alikuwa ananiongezea suruali."

Lidia alitoka nje. Alikwenda mpaka kwenye bomba la uani, akafungua maji, akanawa mikono, akanawa tena.

Aliporudi wodini alimuuliza mumewe kwa nini alinyamaza. Hamphrey alitazama dari. "Ulikuwa umepona, Mama Ave. Ulikuwa unaamka unaimba. Ningesema ninaumwa, baiskeli ungeitundika."

"Na siku ile kwenye kona. Ulipoinua mkono. Ulikuwa unaniita?"

"Hapana. Nilikuwa nakwambia nenda."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Alimjua mwanamume aliyemwoa. Alikuwa mtu wa kusingizia mnyororo. Lidia hakuuliza tena, na mpaka leo hajui.

Hamphrey aliishi miezi minane zaidi. Dawa zilipunguza maji, wiki kadhaa akaweza hata kutembea mpaka barabarani na kurudi. Lidia alihamishia cherehani nyumbani, akaiweka chumbani penye dirisha ili ashone huku akimsikiliza anavyohema. Alizijua pumzi zake zote: ya usingizi, ya maumivu, ya kujifanya amelala. Hamphrey alimsihi akaendeshe. "Hata mpaka njia ya Matiri tu, urudi. Presha yako itapanda."

"Tairi limetoboka," Lidia alijibu.

"Nilizibe?"

"Nitaliziba kesho."

Baiskeli zote mbili zilikuwa ukumbini, zimejaa upepo. Wote wawili waliziona kila walipopita.

Hamphrey alifariki Machi, asubuhi ya mvua. Lidia alikuwa akipindua ukosi wa shati la mwanafunzi. Alisikia kimya, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, kwa sababu alijua kwamba akigeuka itakuwa kweli.

Walimzika Lundo. Avelina alitoka shuleni, akasimama kando ya bibi yake, hakulia mpaka udongo ulipoanza kuingia. Tadei na wenzake walishuka kwa baiskeli katika mvua ileile, wakafika wamelowa na matope hadi mgongoni. Baada ya maziko Tadei alimfuata Lidia, kofia mkononi.

"Dada Lidia, siku ile ilitupasa tumngoje. Mimi ndiye niliyekwambia twende."

"Ninyi mlikuwa wenzake wa Jumamosi," Lidia alisema. "Mimi nilikuwa mkewe."

Hakusema kwa hasira. Tadei alitikisa kichwa, akavaa kofia yake.

Miezi ikapita, presha ikarudi palepale. Mganga wa zahanati alimtazama, akatazama daftari, akamwambia arudie mazoezi. Lidia alikaa na maneno hayo wiki tatu. Kisha Jumamosi moja ya Novemba alishuka ziwani peke yake. Aliendesha polepole, breki zikinuka moto. Chini, karibu na kona ya kwanza, alishuka, akasimama pale aliposimama mumewe, akatazama juu kwenye kona ya tatu alikokuwa yeye siku ile. Palikuwa karibu kuliko alivyokuwa akidhani. Mtu akiita kwa nguvu, anasikika.

Mama Winifrida alikuwa ameanika dagaa wa usipa uani, akiwafukuza kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na hilo dude?"

Alimletea maji, akamngoja anywe. Walikaa kwenye mkeka, wakachambua usipa. Ndipo mama mkwe akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Siku ile alipokuja, alianguka hapo mlangoni. Nikamuuliza, mkeo yuko wapi? Akasema, yuko juu, mama, ameupanda wote. Alikuwa hawezi kuhema, lakini anacheka. Akawaambia na majirani."

Lidia aliinamisha uso kwenye ungo. Watu wengine wangefarijika. Yeye maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa saa hiyo Hamphrey anamsifu kwa majirani, yeye alikuwa njiani anasema moyoni kwamba ameolewa na mwanamume mlegevu. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko, na Mama Winifrida hakumwambia anyamaze.

Sasa hushuka kila mwezi. Kurudi hurudi kwa basi, baiskeli imefungwa juu. Mlima ule hajaupanda tena, na wenzake wameacha kumwalika. Hulala Lundo usiku mmoja. Asubuhi, kabla ya uji, Mama Winifrida hutoa vidonge vyake vya presha kwenye fundo la khanga, Lidia hutoa vyake mfukoni. Vinafanana rangi. Wanamimina maji kwenye kikombe kimoja, mama anameza kwanza, kisha anampa.