Mlango wa Uani

Nyumba yangu ya Kibaha niliijenga kwa mikono yangu, na sisemi hivyo kama wanavyosema watu ambao mikono yao ilishika simu tu kumpigia fundi. Msingi nilichimba mimi. Tofali nilifyatua mimi, lipu nilipiga mimi, na vigae vya sebuleni ukivilazia pima maji leo, kipovu kitasimama katikati bila kutikisika. Nilikaa Afrika Kusini miaka kumi na mmoja. Nilifika kule nikiwa mbeba mchanga, nikarudi na stashahada ya ujenzi niliyoisomea jioni baada ya kazi, viatu vikiwa bado na saruji. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaketi.

Wanaoingia ni wachache. Niliyekuwa nikiishi naye kule hakutaka kunifuata, na majirani zangu wa Kibaha ni watu wa kusalimiana getini. Ndiyo maana kila mwisho wa wiki nilipanda pikipiki kwenda kwetu Masaki, Kisarawe, kwa mama. Nilikuwa nakwenda kumwangalia, ni kweli. Ni kweli pia kwamba kule ndiko kulikokuwa na mtu wa kuniuliza nimekula nini.

Masika yaliyopita mama aliteleza akienda chooni. Choo kilikuwa nje, mwisho wa uani, na njia yake ikinyesha hugeuka utelezi mtupu. Aliumia nyonga akalala wiki mbili. Nikaamua kumjengea choo cha ndani, kilichoungana na nyumba, chenye maji ya bomba kutoka kwenye tangi. Ndugu walipendekeza nitafute mafundi wa pale kijijini. Nikawaambia fundi yupo, tena mwenye cheti.

Nilifanya kazi ile mwezi na nusu, peke yangu, nikilala sebuleni kwa mama kwenye mkeka. Na nilipoanza sikuishia kwenye choo. Uzio wa uani ulikuwa wa makuti, umeoza, kuku wa kijiji kizima wanapita. Niliung'oa wote nikajenga ukuta wa tofali za saruji, timazi kwa timazi. Kona ya nyuma, palipokuwa na kimlango cha mbao, ndipo mteremko wa maji ulipotaka chemba ya choo iwe. Nikaweka chemba pale, kimlango nikakiziba.

Mama alinitazama siku hiyo akiwa kwenye kigoda. Akauliza, "Na mlango, baba?"

Nikamjibu kwamba mlango upo mbele, na nimeutia kitasa kipya. Nilidhani ameridhika.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kile kimlango kilikuwa cha nani. Mimi mwenyewe nimezaliwa pale na nilijua, ila miaka kumi na mmoja nilijenga nyumba za watu wasio na uani. Mlango wa mbele ni wa wanaume na wageni. Wanawake huingia kwa nyuma, na kanga ya jikoni, na ungo mkononi, bila kupita mbele ya mwanamume aliyekaa sebuleni. Kila siku baada ya adhuhuri walikuwa wakija watatu au wanne, wanakaa na mama kusuka ukili wa mikeka hadi jua linapopoa. Kazi ilipokuwa ikiendelea hawakuja, nami nikafikiri ni kwa sababu ya vumbi.

Vumbi liliisha, wakaja mara moja tu, wakapitia mbele, hawakurudi tena. Nilipaka rangi, nikatandika vigae sebuleni, nikafunga taa ya uani, nikarudi Kibaha. Kila nilipokwenda mwisho wa wiki nilimkuta mama peke yake katikati ya uani ule mweupe, mkoba wa ukili pembeni haujaguswa. Sakafu ilikuwa safi. Hata kuku hakuna.

Wiki ya nne akanipa habari. Mdogo wake anayeishi Mlandizi amemtengea chumba kwake, na mwezi ukiandama atahamia huko. Nilidhani nyonga imerudi kumsumbua. Nikamwuliza kama choo kina kasoro, maana kama kipo kitu kisichofanya kazi nitakirekebisha siku hiyo hiyo.

"Choo ni kizuri, baba," akasema. "Lakini siwezi kuzungumza na choo."

Nilitoka nje. Mlandizi si mbali na Kibaha, mtu angeweza kusema ananisogelea. Lakini Mlandizi angekuwa mgeni nyumbani kwa mtu, nami ningekuwa mgeni wa mgeni. Na nyumba ya Masaki, ambayo nimeitengeneza kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulipwa kuitengeneza, ingefungwa kufuli.

Nilikwenda kwa shangazi, dada yake marehemu baba, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza msafara wa kimlangoni. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Injinia amekuja kwa miguu leo?"

Nikamwuliza kwa nini wamemtupa wifi yake. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye beseni, ndipo akasema kwamba wao hawajamtupa mtu. Walikwenda mara moja kwa mbele, wakanikuta nimekaa sebuleni nimenyoosha miguu, wakapita wamejitanda kama wanakwenda msibani, na mmoja akavua ndala ili asichafue vigae. Walipofika uani hakuna aliyekuwa na la kusema.

"Kusoma umesoma," akasema, "hilo hatukatai. Lakini umetujengea benki. Nani anakwenda benki na kisu cha mihogo?"

Akacheka peke yake. Nami nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nikarudi kwa mama nikamwambia asimjibu mdogo wake kwanza, anipe siku tatu. Asubuhi nikashika nyundo na patasi nikaanza kuvunja ukuta wangu mwenyewe. Niseme ukweli, ulikuwa mgumu kuvunjika. Mchanganyiko wangu wa saruji si wa mchezo.

Tatizo lilikuwa chemba, kwa sababu ilikaa pale pale miguu inapopaswa kukanyaga. Fundi wa kawaida angekwambia haiwezekani. Nilimwaga mfuniko mpya wa zege wenye nondo, nikaushusha uwe sawa na ardhi, nikaukwaruza juu ili mtu asiteleze. Ng'ombe angeweza kusimama pale. Ubao wa mlango wa zamani nilikuwa nimeuegemeza nyuma ya banda, nikaupiga randa, nikabadilisha bawaba. Kisha nikatia komeo imara kwa ndani.

Mama alikuja akaligusa komeo. Akaniambia nitoboe tundu juu yake na kupitisha kamba, kama ilivyokuwa zamani, mtu akiwa nje avute afungue mwenyewe. Nikaanza kumweleza habari za usalama. Akaweka kidole pale tundu litakapokaa. Nikachukua drili.

Siku ya tatu zege lilikuwa bado changa, nikaweka ubao juu yake. Baada ya adhuhuri nilikuwa sebuleni nakusanya vifaa niliposikia kamba inavutwa. Bawaba hazikulia hata kidogo. Kisha sauti ya shangazi ikimwuliza mama kama ubao ule ni daraja la kulipia, na kicheko cha mama, ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya masika.

Nilikaa kusikiliza. Nilikuwa nangoja mtu ausifu mlango, jinsi ulivyokaa, jinsi usivyoburura chini. Walizungumza bei ya ukindu. Walizungumza harusi ya Msimbu na mchele uliokuwa na mawe. Mmoja aliuliza kama mama bado anakwenda Mlandizi, naye akajibu kwamba ataenda sikukuu, kusalimia. Kisha wakarudi kwenye mchele.

Kutoka sebuleni hadi uani kuna korido ya hatua tisa, nimeipima mwenyewe. Sikuweza kuipita, na haikufaa niipite. Nilisimama mwanzo wake nikapiga hodi ndani ya nyumba yetu, nikasema mama, mimi naondoka.

"Haya baba, fika salama," mama akaitikia. "Umekula?"

Nikasema nimekula. Mazungumzo yakaendelea. Nikabeba mfuko wa vifaa na pima maji kwapani, nikatoka kwa mlango wa mbele, unakopita ugeni.