Kipaza Sauti cha Tokyo

Juma lililopita, kutoka Bandari ya Jeddah, nilipewa lifti na mhandisi Mjapani aliyejifunza Kiswahili Mombasa. Katika video simuni mwake, lori jeusi lenye vipaza sauti, la wazalendo wa siasa kali, lilinguruma mitaani Tokyo.

“Wanataka nini, bosi?” akauliza dereva wake, Mkenya.

“Wageni watoke Japani. Huyo anayepaza sauti ni mwanangu. Hanipigii tena, asema nimezoea mno wageni.”

Dereva akapunguza mwendo. “Mwambie akuje, bosi. Mimi mwenyewe nitamngojea airport, nimbebee begi.”

Mhandisi akafuta miwani yake taratibu, kisha akaanza kumwandikia mwanawe ujumbe.

Nami nikaipapasa ikama yangu, kile kibali cha kuishi ugenini. Katika gari lile, wasomaji wangu, hakukuwa na mwenyeji hata mmoja.