Bunduki ya Mzee na Fundi Aliyeing'arisha

Kutoka kwetu Taveta nilipanda basi hadi Nairobi, nikapanda ndege hadi Jeddah, kisha nikapakiwa kwenye gari hadi Riyadh, karibu kilomita elfu moja za mchanga na vituo vya mafuta. Nilikuwa na begi moja na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kutaka kukiona. Barabara hiyohiyo niliipita nikiendesha gari, kwenda na kurudi, kwa miaka saba, na ndiyo iliyonikutanisha na mtu ambaye juzi nimeletewa habari za kifo chake. Aliyeniletea ni rafiki ambaye bado anaishi Jeddah, mtaa wa Bani Malik, na chini ya ujumbe aliongeza, "Msamehe sasa, ndugu yangu." Nimejaribu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii huwasema vizuri waliotangulia. Leo anayetaka sifa za marehemu akazitafute kwa waliompenda.

Kafili wangu kule Riyadh, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mzee mwenye bunduki kumi na moja za kale ukutani mwa majlisi yake, sebule ya kupokea wageni, zote bila risasi na zote na karatasi zake. Zilikuwa za majeshi yaliyokwisha kuondoka, na mzee hakuruhusu hata kutu ya zamani ifutwe bila yeye kuwepo. Aliipenda zaidi ile ya baba yake. Kwenye mbao ya mbele, chini ya mtutu, baba huyo alikuwa amechonga kwa kisu alama ambayo ukoo wao huwachoma nayo ngamia: duara moja na mistari miwili. Safarini mzee alikaa mbele, kando yangu, akinisimulia habari za kila bunduki. Aliniahidi kwamba macho yangu yakichoka na barabara, nitakuwa mtunzaji wa majlisi. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mahali akapaita pake, ahadi hiyo ilikuwa nyumba.

Kitako cha bunduki hiyo ya baba yake kilipopata ufa, tuliipeleka Jeddah, kwenye karakana moja ya mtaa wa Al-Hindawiyah yenye kibali cha kazi hiyo. Fundi, ambaye ndiye marehemu huyu, alikuwa Mkenya mwenzangu, mkazi wa mtaa wa Ghulail, aliyejifunza kazi kwa kutengeneza makochi nyumbani. Vijana wenye pesa walimletea bunduki kuukuu, naye alizikata zikawa fupi, akatoboa chuma ili zifungwe darubini, akazipaka vanishi mpaka ukajiona uso. Mzee alimwambia azibe ufa tu, kisha akaenda Makka kwa umra. Mimi aliniamuru nikae pale, nisiondoke mpaka kazi iishe.

"Ufa tu, fundi," nikamkumbusha.

"Dereva, mimi nakufunza kushika usukani?"

"Usiguse kitu kingine. Mzee anaipenda ilivyo."

"Anapenda uchafu? Hiki ni chuma, buda. Kisipofanya kazi ni takataka ya ukutani. Nyumbani ukimrudishia mtu kochi likiwa na sura ileile ya uzee, atakwambia hujafanya kazi. Yalla, nenda ukale."

Nikaenda. Akina dada wa kwetu walikuwa wamepika chapati na maharagwe Bani Malik siku yao ya mapumziko, na hamu ilinishinda. Kosa hilo ni langu na silikani. Niliporudi alasiri bunduki iling'aa kama kabati la bibi harusi. Kitako kilipigwa msasa, matundu mawili ya darubini yalikuwa juu, na mbao ya mbele ilikatwa nusu. Alama haikuwepo. Fundi alikuwa akitabasamu, akingoja nimpongeze.

Mzee aliporudi kutoka Makka aliishika, akapitisha kidole mahali alama ilipokuwa. Hakupaza sauti. Aliuliza nani aliyeagiza vile. Fundi alinitazama, nikaona usoni hofu ya kupoteza ikama, kibali chake cha kuishi nchini, kisha akanyoosha kidole. "Dereva, baba. Alisema unaitaka ya kisasa." Nilikana. Mzee akaniuliza swali moja tu, kama nilikuwepo bunduki ikikatwa, nikamwambia nilikuwa nimekwenda kula. Kisha akamgeukia fundi: kile kipande kilichokatwa kiko wapi? "Mafi, baba, hakipo. Kimetupwa. Halas." Tulirudi Riyadh mzee akiwa amekaa kiti cha nyuma.

Nimeyafikiria mambo haya tangu nirudi. Huku kwetu pia tunabomoa, tunapaka rangi, tunakata, na kila mara mwenye msasa ana sababu nzuri. Siipendi bunduki, ni chombo cha kuua, na ningeelewa mtu akiiyeyusha itengenezwe jembe. Ila hakuna aliyeiyeyusha. Ilifanywa kuwa kama bunduki yoyote ya dukani, ikakosa thamani kwa mzee, na kijana wa mjini asingeitaka pia. Hata hivyo ningemwelewa marehemu kama yangeishia hapo. Alifundishwa kwamba kazi nzuri hung'aa, na kochi halina baba.

Mwezi uliofuata mzee alinipa karatasi ya kuondoka kabisa. Ndege ilitoka Jeddah, nami nikapitia karakana nikiwa na begi langu, nikitaka fundi aniambie ukweli machoni. Alikuwa akichonga mbao kwa patasi. Mpini wa patasi ulikuwa mweusi kwa uzee, na chini ya kidole gumba chake niliona duara na mistari miwili.

"Nipe hicho," nikasema. "Nitakituma Riyadh. Sitataja jina lako."

Aliugeuza mpini mkononi, akaupangusa vumbi kwa upande wa shati, taratibu. "Hapana, bro. Mbao ya zamani hii, haipasuki. Siku hizi huwezi kuipata."

Basi alijua. Alijua thamani ya kitu cha kale kuliko mimi, na pengine sawa na mzee. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kitu cha mwenzake ni takataka, kwanza namtazama mikono. Nilichukua begi, nikasimamisha teksi ya kwenda uwanja wa ndege, nikakaa kiti cha nyuma.